Jua Lihamie Kwetu

Jumapili, 4 Juni

Kwa Kiongozi wa skauti wadogo,

Barua yako imefika salama, haijakunjwa wala kuloa. Mwanangu Chiriku aliibeba kifuani kama yai. Nilipotaka kuichukua mlangoni alinikatalia, akanipigia saluti kwanza, ndipo akanikabidhi. Umeandika kwamba mpaka Siku ya Anga barua zote za wazazi zitabebwa na watoto wenyewe ili wapate beji ya utarishi, na sheria ni moja tu: tarishi hafungui anachobeba. Basi huyu wangu, ambaye siri kwake ni kaa la moto mdomoni, hakuuliza hata kilichoandikwa. Kwa hilo peke yake nakushukuru.

Nimekubali, na baba yake amekubali. Nimeelewa hivi, unisahihishe nikikosea. Jua litakuwa kule ukumbini mnakokutana. Kutoka hapo umevuta kamba yako ya kupimia umbali kufuata barabara, na kila sayari imeangukia nyumba ya mtu. Watoto watatembea toka Jua hadi mwisho, na kila wakifika sayari wanapewa kazi ya kufanya, kisha wanagongewa muhuri. Na Neptuni, ya mwisho, imeangukia kwetu, nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi.

Nikuambie kitu, Kiongozi. Tangu tuhamie hapa hakuna mtoto wa skauti aliyekanyaga kwetu. Chiriku akialikwa anakwenda. Akialika yeye, huyu ana kikohozi, yule sare yake imefuliwa haijakauka. Sijawahi kulalamika. Lakini sasa wanakuja wote, kwa mstari, wakiimba, na mwanangu hali chakula kwa furaha. Umetuambia Neptuni ni ya buluu, kwa hiyo baba yake amepaka ukuta wote wa mbele buluu, mpaka fremu ya mlango. Ukipita barabarani utadhani mbingu imeangukia nyumba moja.

Mimi ni fundi wa kushona foronya na mapazia, shule niliishia njiani, mambo ya anga siyajui. Lakini kushona najua. Niambie tu unataka nini.

Mama Chiriku


Jumamosi, 10 Juni

Kwa Mama Chiriku,

Yahusu: Mabadiliko madogo ya Siku ya Anga

Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na familia. Baada ya kutafakari, uongozi umeona kwamba safari nzima ni ndefu mno kwa miguu ya watoto wadogo. Kwa hiyo matembezi yataishia Uranusi, pale kwa fundi baiskeli. Neptuni itatajwa kwa mdomo.

Tunashukuru kwa moyo wenu wa kujitolea. Chiriku atapewa heshima ya kubeba bendera.

Wako katika uskauti,
Kiongozi


Jumapili, 11 Juni

Kiongozi,

Unajua ni nani aliyeniletea barua yako? Ni yeye. Umemfunga mtoto kuni mgongoni, kumbe ndizo za kumchomea.

Alinipigia saluti, akanikabidhi, akasimama pale pale mbele yangu akingoja nifurahi. Na mimi nikafurahi, nifanyeje, ananitazama usoni. Nilicheka na barua yako mkononi kama mtu aliyenyweshwa shubiri akaambiwa aseme asante. Mpaka sasa hajui.

Unasema njia ni ndefu kwa miguu midogo. Miguu hiyo hiyo mwezi uliopita uliipandisha mlima na mabegi mgongoni, mkarudi mnaimba, na hakuna aliyekufa. Toka kwa fundi baiskeli kuja kwetu hakuna mlima. Kuna barabara imenyooka, na mwisho wake kuna nyumba yangu, na ndani ya nyumba kuna maji ya kunywa na mkeka wa kukalia. Tangu lini miguu ikachokea karibu na kwangu tu?

Na hilo la kutaja kwa mdomo. Kwetu anayetajwa kwa mdomo ni marehemu. Sisi tupo.

Wewe mwenyewe umewafundisha kwamba sayari ni nane. Chiriku anaziimba akioga. Sasa akifika kwa fundi baiskeli na bendera yake, akauliza ya nane iko wapi, utamjibu nini? Nataka kujua, maana jibu hilo ndilo nitakalolazimika kumpa mimi nyumbani, na mimi sijasomea uongo.

Bendera abebe mwingine.

Mama Chiriku


Jumatano, 14 Juni

Kwa Mama Chiriku,

Nimeipokea barua yako na kuisoma zaidi ya mara moja. Nakuomba usilitazame jambo hili kwa jicho hilo. Kiongozi ana watu wengi wa kuwaridhisha. Paa tunalokaa chini yake si letu. Sina zaidi la kusema ila kwamba halikuwa wazo langu la kwanza.

Barua hii nimeileta mwenyewe na kuisukuma chini ya mlango, ili mtoto asibebeshwe tena.

Kiongozi


Alhamisi, 15 Juni

Dada yangu mpenzi,

Huko kwenye kufua mashuka ya wageni hujambo? Sisi wazima, ila mimi nimevimba moyo, na usipopata barua hii nitapasuka peke yangu.

Lile jambo la Neptuni nililokuandikia limefutwa. Kiongozi, yule fundi saa mpole ambaye akiongea anatazama chini kama anatafuta skrubu, ameandika kwamba njia ni ndefu. Nikapeleka foronya kwa mke wa fundi baiskeli, nikamuuliza kama mchezo, vipi, mnasema watoto wataishia kwenu? Akababaika, akapanga spoku za baiskeli ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Halafu akaniambia. Ni Mama Ukumbi. Yule anayekodisha ukumbi wa harusi, anayewapa skauti nafasi bure siku za Jumamosi kwa kuwa mjukuu wake yumo. Amesema mbele za watu kwamba watoto hawatatembezwa kwenda kunusa mizoga.

Mizoga, dada. Mume wangu anashinda ameinama juu ya mashimo ya kulowekea ngozi mpaka mikono imebadilika rangi. Akirudi anaoga nje kabla hajamgusa mtoto, anajisugua kwa limau, mvua au baridi. Mtu huyo ndiye mzoga?

Sijamwambia. Chiriku naye sijamwambia. Kila asubuhi ananiuliza kama ukuta bado ni wa buluu, kana kwamba kuna mtu atakuja kuuchukua. Namjibu, bado ni wa buluu. Nafikiri labda Kiongozi atageuka. Ana sura ya mtu anayeweza kugeuka. Mimi ningoje tu, au unasemaje?

Mdogo wako


Jumatatu, 19 Juni

We mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, pasi mkononi, nikaunguza shuka la watu. Kosa ni lako.

Ningoje tu, unasema. Wewe ulizaliwa unangoja, mama alituambia ulichelewa hata kutoka tumboni. Kwenye foleni ya bomba wewe mwisho. Kwenye picha ya harusi yangu mwenyewe wewe nyuma ya mtu mnene, limeonekana sikio. Sasa wamekwenda mpaka mbinguni wakakutafutia nafasi, wakakuweka mwisho kuliko dunia zote, na wewe ukashukuru, ukapaka rangi. Halafu mwisho wenyewe wakakunyang'anya. Mtu ananyang'anywa mwisho, jamani.

Mwisho hukatwa, mwenzangu. Pindo la gauni likizidi hukatwa, hilo fundi cherehani huhitaji kufundishwa na mfua mashuka. Usiniandikie tena kuniuliza ungoje au usingoje. Na huyo Mama Ukumbi mwambie viatu anavyovalia harusini havikuota mtini.

Shemeji msalimie. Mwambie mimi namnusa kutoka huku na bado nampenda.

Dada yako


Alhamisi, 22 Juni

Kiongozi,

Najua ni nani na najua alisema neno gani, kwa hiyo habari ya miguu midogo tuiache, isije ikachoka na yenyewe.

Nimechukua karatasi uliyotuchorea wazazi, yenye Jua na sayari zote kwenye mstari. Nimeitazama siku nzima huku nashona. Halafu nikaigeuza juu chini, kama ninavyogeuza kitambaa kikigoma upande mmoja. Kiongozi, inakubali. Kamba ni ile ile, njia ni ile ile, sikuongeza hata uzi. Ukiigeuza, Jua linakaa kwetu.

Basi Jua lihamie kwetu.

Mwisho unaweza kukatwa na hakuna atakayelia isipokuwa mwenye mwisho. Hilo umenifundisha wewe. Lakini Jua nani atalikata? Ukilikata, hizo nyingine zitazunguka nini, zitazunguka ukumbi wa harusi? Watoto wote wataanzia mlangoni kwangu, maana safari haina pengine pa kuanzia. Wazazi watawaleta kwa mikono yao, asubuhi, na kila mmoja atanitazama usoni aniambie hujambo.

Na ikiwa kuna mtu pua yake haituvumilii, tumwache mwisho kabisa, kwenye baridi na hewa safi. Neptuni itamfaa.

Utasema mimi mshona foronya nimejuaje mambo ya kupanga mbingu. Sijui. Nimeigeuza karatasi tu. Lakini ukikataa hili nalo, sema wazi kwamba ni kwa sababu ya mume wangu, liandike kwa mkono wako, na barua hiyo mpe Chiriku ailete.

Mama Chiriku


Jumapili, 25 Juni

Kwa Mama Chiriku,

Barua yako ilinikuta mezani na saa ya mtu imefunguliwa. Niliifunga bila kuitengeneza.

Unastahili kuelezwa. Mama Ukumbi aliniita, akasema aliyoyasema, kisha akaniuliza kwa upole kama nimeshapata ukumbi mwingine. Mimi nikaona watoto wote wamesimama kwenye mvua. Nikalegea kama springi. Lile neno la miguu lilikuwa langu, yeye hakunipa. Nililitafuta mwenyewe ili nisionekane mwoga.

Jua limehama. Nilimwendea Mama Ukumbi jana kumwambia. Alikuwa anakung'uta mapazia, na hakuacha kukung'uta. Nikamwambia kwamba safari itaanzia nyumba za kiwanda, kwamba ukumbi wake sasa ni Neptuni, na kwamba watoto wataufikia ikiwa mlango utakuwa wazi. Alisema tu kwamba mjukuu wake hataanzia huko. Funguo hajanidai bado.

Mambo mawili ya kiufundi. Kwanza, sayari za ndani zimesongamana karibu na Jua. Kwa hiyo Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi zote zitaangukia uchochoro wenu. Tafadhali nitafutie nyumba. Pili, ukuta msiupake rangi ya manjano. Nyota kali kuliko zote ni za buluu. Watoto nitawaeleza.

Kiongozi


Jumapili, 2 Julai

Kiongozi,

Umesema nitafute nyumba kama vile umesema nichume mboga. Umeniletea vita. Uchochoro mzima unataka Dunia. Mke wa msimamizi wa stoo anasema yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo Dunia ni yake. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta anasema kamba imepita kwake na kamba haina mkubwa. Bibi mmoja anayeishi peke yake alipewa Zuhura, akauliza ni kitu gani, nikamwambia ni ile inayong'aa alfajiri, na sasa haambiliki kwa fahari, ameshafua mapazia. Watu hawa, Kiongozi, toka wajenge nyumba hizi hakuna aliyewaomba kitu zaidi ya kusogea.

Chiriku nimemwambia habari yote, isipokuwa lile neno. Alinuna. Alishajifunza kila kitu cha Neptuni, upepo wake na baridi yake, na sasa naambiwa niwe joto, akasema. Baba yake akamwambia Jua ndilo linalopika chakula cha sayari zote. Akafikiri, akauliza kama Jua linaruhusiwa kuamrisha. Tukasema kidogo.

Baba yake aliniuliza kwa nini mambo yaligeuzwa. Nilimwambia kamba ilikosewa. Akanitazama, akaenda kuoga. Nafikiri anajua. Kwa hilo nina hasira mpya kabisa, ambayo haijatumika. Naiweka.

Mama Chiriku


Jumamosi, 8 Julai, mchana

Mama Chiriku,

Kikaratasi hiki kinakuja na tarishi mwenye baiskeli.

Tupo Uranusi, ambayo sasa imeangukia duka la mikate. Jua ni kali, la angani nasema, la kwenu lilikuwa la kupendeza na bado wanalizungumza. Watoto wamechoka. Wazazi wawili wamechukua watoto wao. Ukumbini sijapata neno lolote, na sehemu iliyobaki ndiyo ndefu kuliko zote, safari hii kwa kweli. Mwenye duka amewapa mikate na kivuli. Ningeweza kumalizia hapa, na hakuna mzazi atakayenilaumu.

Nilimtuma mkubwa wao atangulie kutazama. Amerudi anasema lango la ukumbi liko wazi nusu, na mjukuu wa Mama Ukumbi amekaa peke yake kwenye ngazi, amevaa sare, na ndoo ya maji na vikombe vimepangwa.

Wewe ndiye uliyepigania mwisho. Sitaki kuukata mara ya pili bila kukuuliza.

Kiongozi


Jumamosi, mchana huo huo

Kiongozi,

Hili ni jibu la pili. La kwanza lilisema malizeni hapo hapo, Neptuni muitaje kwa mdomo. Mkono uliliandika mbio, na lilinipendeza sana. Tarishi alishapanda baiskeli. Nimemkimbilia uchochoro mzima na kanga moja begani, majirani wanadhani kuna moto, nikamnyang'anya. Sheria inasema tarishi hafungui barua, haisemi hanyang'anywi. Usimnyime beji yake.

Mtoto anayengoja wageni nimemwona kwangu mwezi mzima. Hakai sawasawa, anakalia upande mmoja ili awahi kusimama. Maji anayamwaga, anateka mengine, yasipoe wala yasipate moto. Kila anayepita barabarani anadhani ndiye. Na ikifika jioni hakuna aliyekuja, halii. Anasema labda njia ni ndefu.

Nendeni. Waimbishe, wabebe mgongoni, waliochoka wakalie baiskeli kwa zamu, lakini wafike wote, na wafike kwa mstari. Na Chiriku atangulie, ndiye anayeijua Neptuni kuliko mtu yeyote, amwambie mwenzake habari za upepo na baridi.

Silifanyi hili kwa ajili ya bibi yake. Bibi yake bado nimemkasirikia na sijafika hata nusu.

Mama Chiriku


Jumanne, 11 Julai

Kwa mwanamke wa nyumba ya buluu,

Watoto wameingia ukumbini kwangu na vumbi la barabara nzima. Sakafu imepigwa deki ikapigwa tena. Mmoja alilala kwenye kiti cha bibi harusi na viatu, hakuna aliyeweza kumwamsha. Huyo wako, anayeongea, alimwambia mjukuu wangu kwamba nyumba yetu ni baridi kuliko zote na upepo wake ungeng'oa paa, na mjukuu wangu akafurahi kama amepewa zawadi. Sikuandikii kwa hayo.

Kiongozi ameniambia ni wewe uliyesema waendelee. Sijui ulitaka nini. Nilikaa nyuma ya pazia tangu asubuhi nikimtazama mtoto pale kwenye ngazi, na nilikuwa nimeshatafuta maneno ya kumwambia. Sikuyahitaji.

Niliyosema kuhusu kiwanda niliyasema. Pua ni pua. Sitajifanya sina.

Ila tangu siku ile mjukuu wangu hana wimbo mwingine. Wenzake wote wameliona Jua la buluu na yeye hakuliona. Anauliza kwa nini hakuliona, na mimi ndiye wa kumjibu. Nauliza kama anaweza kuletwa siku moja. Iwe siku ambayo upepo unaelekea upande mwingine. Utanijulisha siku hiyo.

Mwenye Ukumbi


Jumatano, 12 Julai

Mama,

Nakuita mama kwa kuwa umri wako ni wa mama yangu na hivyo ndivyo nilivyolelewa, si kwa kuwa yamekwisha.

Pua ni pua, umesema kweli. Mume wangu anayo, mwanangu anayo, na bibi wa Zuhura anayo tangu kabla sijazaliwa. Masikio pia wanayo. Neno lile ulilolisema mbele za watu lilifika kwetu kabla ya watoto wako wa heshima, na lenyewe halikuchoka njiani. Silisahau kwa barua moja yenye muhuri wa ukumbi. Siku utakayotaka kulirudisha, mwenye kulipokea si mimi. Anatoka kazini saa za jioni, na huwa anaoga kwanza.

Lakini mtoto hajamkosea mtu. Chiriku amesikia kwamba nimepata barua kutoka Neptuni, ameshaondoa vitu vyake upande mmoja wa kitanda ili kuwe na pa kukalia wageni. Anauliza ni lini. Nami nimechoka kumjibu mtoto huyu maneno ya kutafuta.

Kuhusu upepo, siupangi mimi. Mlete.

Mama Chiriku